Darubini Iliyotangulia Nyumba za Eastlands

Kabla nyumba ya kwanza ya Shauri Moyo haijaezekwa, mwishoni mwa miaka ya 1930, darubini ilikuwa imekwisha kusimama pale uwanjani juu ya miguu yake mitatu. Haikutazama nyota. Ilitazama fimbo ya vipimo iliyoshikwa wima na mtu aliyesimama mbali mbele yake, kwenye ule udongo mweusi wa mashariki ya Nairobi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Chombo hicho kiliitwa theodolaiti, nacho kwa ndani ni darubini ya lenzi, ya ukoo ule ule wa darubini inayotazama mwezi. Hoja yangu ni kwamba darubini ya lenzi si mgeni Eastlands, yaani mitaa hiyo ya mashariki ya Nairobi. Iliwatangulia wakazi. Na ujuzi unaowashinda wengi leo wanaponunua darubini ndogo ya kutazamia mwezi, yaani kuifikisha kwenye fokasi mpaka kinachoonekana kiwe wazi, umetumika juu ya ardhi hii hii kwa miongo mingi, ila ulikaa kwenye mikono michache na ukafanya kazi nyingine. Anayesema kwamba utazamaji wa nyota kwa darubini hauna mizizi katika mitaa hii anachanganya kukosekana kwa chombo na kunyimwa chombo.

Neno lenyewe linastahili kuangaliwa kwanza. Darubini limetufikia kutoka Kiajemi, ambako dur ni mbali na bin ni kuona. Chombo cha kuona mbali, basi. Hakuna ndani ya neno hilo sharti kwamba kilicho mbali kiwe mbinguni. Mtu anaweza kupinga hapa kwamba theodolaiti ni kifaa cha kupimia pembe na kwamba kuiita darubini ni kuvuta maneno. Pingamizi hilo linajibiwa na historia ya kioo. Darubini aliyoielekeza Galileo angani mwaka 1609 ilikuwa na lenzi iliyovimba mbele na lenzi iliyobonyea upande wa jicho. Mwaka 1611 Johannes Kepler alieleza mpangilio mwingine, lenzi mbili zote zilizovimba, ambao hupindua kila kitu juu chini lakini una faida moja kubwa: mwanga hukutana kwanza ndani ya mrija na kuchora pale taswira ndogo iliyo kamili, kisha lenzi ya jicho inaikuza taswira hiyo kama mtu anavyokuza maandishi madogo kwa kioo. Miaka kama 30 baadaye, Mwingereza William Gascoigne alikuta buibui amevuta uzi ndani ya kifaa chake kilichoachwa wazi, na uzi ule ukaangukia mahali pale pale taswira inapochorwa. Akaona uzi na kitu cha mbali vikiwa wazi kwa pamoja, vimelaliana. Tangu hapo darubini ikawa na uwezo wa kulenga, na upimaji wa ardhi na upimaji wa nyota ukapata jicho moja. Theodolaiti iliyokuja Afrika Mashariki ni darubini ya Kepler yenye uzi wa Gascoigne, ikiwekwa juu ya duara la digrii. Ukiondoa duara hilo na nyuzi, unabaki na chombo cha mnajimu.

Ilivyofika hapa inajulikana. Msafara wa Kapteni J. R. L. Macdonald ulipima njia ya reli kutoka pwani kwenda ziwani mwaka 1891 hadi 1892, na reli yenyewe ikafika Nairobi mwezi wa Mei 1899. Mji uliochipuka ukagawanywa kwa udongo na kwa rangi: vilima vyenye udongo mwekundu upande wa magharibi kwa Wazungu, tambarare ya udongo mweusi upande wa mashariki kwa Waafrika waliotakiwa mjini kwa ajili ya kazi tu. Pumwani ilifunguliwa mapema miaka ya 1920. Kijiji cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na baadhi ya watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo, jina ambalo bado linabeba uchungu wa kuhama kwao. Kaloleni ikafuata katika miaka ya 1940. Mwaka 1948 ukachapishwa mpango mkuu wa Nairobi, kazi ya Thornton White, Silberman na Anderson, wa kuipanga Nairobi kama makao makuu ya koloni, ukawapangia Waafrika mitaa zaidi mashariki. Kisha zikaja Bahati, Makadara, Jericho, na mitaa iliyopewa majina ya Tom Mbotela na Ambrose Ofafa waliouawa enzi za Hali ya Hatari. Baada ya Uhuru ikajengwa Buruburu, na mwaka 1975 ukaanza mradi wa Dandora wa kugawa ploti 6,000 zenye maji na mifereji, kila mwenye ploti ajijengee. Nayataja haya yote kwa sababu moja. Kila mstari katika orodha hii ulipitia kwenye darubini kabla ya kupitia kwenye jembe. Ploti 6,000 ni maelfu ya pembe, na kila pembe ni jiwe la mpaka, lile ambalo watu wa ploti huliita bikoni, na kila bikoni ilianza kama nukta iliyolala chini ya msalaba wa nyuzi ndani ya lenzi. Mtu aliyezaliwa Dandora amelala usingizi wake wote ndani ya mistari iliyochorwa kwa darubini.

Tusogee karibu tuone mpimaji alivyofanya kazi, maana hapo ndipo ulipo ushahidi wangu mkubwa. Alikita miguu mitatu, akateremsha timazi juu ya kigingi, akasawazisha chombo mpaka kiputo kikae katikati. Kisha, kabla ya kulenga chochote, aliielekeza darubini kwenye mawingu meupe au akaweka karatasi mbele ya lenzi, akazungusha lenzi ya jicho peke yake mpaka nyuzi za msalaba zikaonekana nyeusi na kali. Hatua hiyo haikuhusu fimbo wala mpaka. Ilihusu jicho lake yeye. Ndipo alipoigeukia fimbo ya mbali na kuzungusha pete ya pili mpaka tarakimu zikasomeka. Mwisho alitikisa kichwa kidogo, kushoto na kulia, huku akitazama. Uzi ukionekana kuteleza juu ya fimbo, fokasi haijakaa, hata kama jicho linasema kila kitu ni safi. Uzi ukiganda pale pale, kazi imekamilika. Kulenga, kwa hiyo, ni mambo mawili yaliyotenganishwa kwa makusudi: kwanza chombo kinapatanishwa na jicho, kisha kinapatanishwa na umbali. Na katika vyombo vya zamani, fimbo ilionekana imepinduka, miguu ya mshikaji ikiwa juu na kichwa chini, kama Kepler alivyoeleza. Ndiyo maana kulikuwa na fimbo zilizochapwa tarakimu zikiwa zimepinduliwa, ili zisomeke sawa ndani ya lenzi.

Hapo huinuka pingamizi zito kuliko lile la kwanza, nalo silikwepi. Mtaniuliza: nani alikuwa na jicho kwenye lenzi? Mpimaji wa kikoloni hakuwa mkazi wa Shauri Moyo. Mwafrika alibeba miguu mitatu, alifyeka njia ya kuonea, alivuta mnyororo wa vipimo, alishika fimbo. Alikuwa upande wa pili wa darubini. Ni kweli, na ukweli huo hauivunji hoja yangu. Unaipa umbo lake. Kilichotenganisha watu wa mitaa hii na darubini hakikuwa bahari wala ukosefu wa chombo. Kilikuwa mita mia moja za uwanja, mtu mmoja akitazama na mwingine akitazamwa, juu chini. Hata angani palitazamwa. Mpimaji alihitaji kujua kaskazini halisi, na hapa Nairobi, tukiwa digrii 1 na kidogo kusini mwa ikweta, nyota ya kaskazini inayowafaa watu wa Ulaya haichomozi. Basi wapimaji wa nchi hizi walitegemea jua, wakiwa na kioo cheusi, na nyota nyingine walizozijua saa zake. Darubini iligeuzwa juu, ikachukua kilichohitajika kwa ajili ya mpaka, ikarudishwa chini. Mtindo huo haukuishia kwenye ardhi. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengwa kuchunguza miale ya eksi kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku ile ya uhuru wa Kenya. Jina lilikuwa la Kiswahili, pwani ilikuwa yetu, na matokeo yalisomwa ng'ambo. Eastlands nako kuna mtaa wa Uhuru, na sidhani wengi wanaoshuka pale wanajua kwamba jina la kituo chao liliwahi kuizunguka dunia.

Sasa tuje kwenye darubini ndogo ya leo, tuone kwa nini nasema ujuzi ni ule ule. Nyingi zinazouzwa kwa wanaoanza zina lenzi ya mbele yenye upana wa milimita 60 au 70 na urefu wa fokasi wa milimita 700. Ukiweka lenzi ya jicho ya milimita 20, unakuza mara 35. Nyuma ya mrija kuna gurudumu dogo linalousukuma mrija wa ndani uingie au utoke, na hilo gurudumu moja linafanya zile kazi mbili alizozitenganisha mpimaji, ya jicho na ya umbali, kwa pamoja. Hapo ndipo watu hupotea. Wanazungusha, wanaona giza au ukungu mweupe, wanazungusha upande wa pili, wanaona ukungu ule ule, wanahitimisha kwamba chombo ni kibovu au kwamba elimu hii ina wenyewe. Hesabu inaonyesha vinginevyo. Kitu kikiwa karibu, taswira yake huchorwa nyuma zaidi ndani ya mrija, na lazima lenzi ya jicho iifuate. Ukuta wa jirani ulio mita 10 kutoka dirishani unahitaji mrija utoke kama milimita 53 zaidi kuliko nyota. Nguo zilizoanikwa mita 50 mbali zinahitaji milimita 10. Lakini jengo la KICC, lile refu la katikati ya mji, ukilitazama kutoka Buruburu, kilomita 6 hivi, linahitaji chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Unene wa karatasi ya daftari. Kwa lenzi ya namna hii tofauti hiyo haionekani: ukishaliona KICC likiwa kali, madirisha yake yamekatika vizuri, umekwisha kuwa kwenye fokasi ya mwezi, ya Zohali na ya kila nyota, na huna haja ya kuliparamia gurudumu gizani.

Linganisha hilo na tofauti ya macho yenyewe. Mtu anayevaa miwani ya kuonea mbali ya nguvu tatu, akiivua na kutazama kupitia ile lenzi ya milimita 20, atahitaji kuisukuma ndani milimita 1.2. Hiyo ni mara 15 ya tofauti kati ya KICC na nyota. Kwa maneno mengine, umbali kati ya macho ya watu wawili waliopanga foleni kwenye uwanja wa shule ni mkubwa, ndani ya mrija, kuliko umbali kati ya mji na mbingu. Mpimaji alilijua hili kwa vitendo, ndiyo maana alianza na jicho kabla ya kugusa umbali. Mwalimu anayeweka darubini tayari kisha akawaambia wanafunzi 40 wasiguse kitu amewanyima wengi wao kuona, naye hajui, maana mtoto akiulizwa umeona, husema ameona. Na mtu akishangaa kwamba mwezi umegeuka, aelezwe kwamba hata mshika fimbo wa Shauri Moyo aligeuzwa na lenzi, na kwamba hakuna kilichoharibika.

Kuna kipande kimoja kidogo kinacholeta msiba mkubwa, nacho ni kile chenye kioo cha pembe kinachokunja njia ya mwanga ili mtu atazame kutoka juu badala ya kupiga magoti. Wengi hukiacha ndani ya boksi wakidhani ni cha mapambo, wakachomeka lenzi ya jicho moja kwa moja kwenye mrija. Darubini hizi zimetengenezwa kwa kuhesabia urefu wa njia ndani ya kipande hicho, sentimita 7 hivi, na kikikosekana mrija wa ndani hutoka mpaka mwisho bila kuifikia fokasi. Kitu cha karibu ndiyo kabisa hakitafikiwa, kwa kuwa chenyewe kinataka mrija utoke zaidi. Kosa la pili ni kuanza na lenzi ya jicho yenye nguvu kubwa. Lenzi ya milimita 4 hukuza mara 175, ilhali lenzi ya mbele ya milimita 70 haina mwanga wa kubeba zaidi ya mara 140 hivi. Unachokuza ni ukungu. Aanze na milimita 20, aipate fokasi, ndipo apande ngazi.

Ushahidi wangu wa pili hautoki kwa wapimaji. Unatoka Pumwani, na hasa Majengo, ambako tangu mwanzo wa mtaa Waislamu wa asili nyingi walijenga maisha kwa Kiswahili, na ambako Msikiti wa Riyadha umesimama kwa vizazi. Kila mwaka, jioni ya tarehe 29 Shaaban na jioni ya tarehe 29 Ramadhani, watu huinua macho magharibi kuutafuta mwezi mwandamo, na habari za waliouona hupelekwa mpaka kwa Kadhi Mkuu. Hapa ndipo palipokuwa na desturi ya kutazama anga kwa makini, kwa ushahidi na kwa kuulizana maswali, kabla ya klabu yoyote ya nyota. Ipo mizozo juu ya darubini katika jambo hili: wapo wanaosema macho matupu ndiyo sharti, wapo wanaokubali chombo. Hukumu hiyo ni ya wanazuoni, nami siiingilii. Ninalosema ni kwamba mwandamo ndio mtihani mgumu kuliko yote wa fokasi. Ni uzi mwembamba wa mwanga kwenye anga ambalo bado ni jeupe, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mara nyingi hulala kama mashua, kaskazini au kusini kidogo ya pale jua lilipozama. Darubini ikiwa nje ya fokasi hata kidogo, uzi huo hutanda na kumezwa na weupe wa anga, na mtazamaji anaweza kuwa ameulenga sawasawa asiuone. Huwezi kutumia mwandamo kutafutia fokasi. Lazima fokasi itangulie. Na magharibi na kusini-magharibi ya Majengo, chini tu ya anga linalotafutwa, yamesimama majengo marefu ya katikati ya mji. Mtu alenge ukingo wa jengo la mbali kabisa analoliona, aupate uwe mkali, afunge gurudumu, asubiri jua lizame lote ndipo aguse anga. Lizame lote, nasisitiza, kwa sababu jua ndani ya lenzi huunguza jicho papo hapo bila maumivu ya kuonya.

Jambo la kushangaza ni kwamba jicho tupu nalo lina tabia hiyo hiyo. Ukilitazamisha anga lisilo na kitu, hurudi lenyewe kwenye fokasi ya karibu, kama mita moja au mbili mbele ya uso, kwa kuwa hakuna cha kushika. Marubani hufundishwa kuangalia mara kwa mara kitu cha mbali ili macho yasirudi karibu hivyo. Mtafuta mwandamo anayegonga macho kwenye ukingo wa jengo la mbali kisha akayainua polepole ana nafasi bora kuliko aliyekodolea weupe kwa nusu saa. Basi fundi wa ardhi mwenye theodolaiti na mzee wa Majengo mwenye macho yake mawili wanaongozwa na kanuni moja: shika kwanza cha mbali unachokijua, ndipo utafute usichokijua.

Watakaosema kwamba haya yote yamepitwa na wakati watanionyesha taa. Ni haki yao. Zile nguzo ndefu za kumulika ambazo watu wamezipa jina la mulika mwizi zimeleta usalama unaohitajika, na hakuna mzazi atakayekubali zizimwe kwa ajili ya nyota. Kilimia, kundi la nyota lililowaongoza wakulima wa pwani kujua msimu, leo halionekani vizuri kwa macho matupu katika mitaa mingi. Lakini taa hufuta vitu hafifu. Hazifuti vitu vinavyong'aa. Mwezi haujali taa. Mshtarii na miezi yake minne mikubwa, Zohali na pete yake, Zuhura anapokuwa hilali, vyote hupenya anga la Jogoo Road bila shida, na lenzi ya milimita 70 inavitosha. Mwezi wa Mei na Juni, kusini, kuna nyota angavu iitwayo Rijil Kantori ambayo jicho huiona moja na darubini iliyo kwenye fokasi huitenganisha kuwa mbili. Ukiona moja iliyovimba, rudi kwenye gurudumu. Kilimia nacho, ukikilenga, hukurudishia nyota kwa makumi.

Watanionyesha pia maghorofa ya Pipeline na Umoja yaliyobanana mpaka anga limekuwa utepe. Hapa jiografia yetu inatutetea kwa namna ambayo sijaona ikisifiwa vya kutosha. Huko London sayari huweza kupita chini chini upande wa kusini, na jengo moja linaweza kuziziba mwaka mzima. Nairobi, kwa kuwa iko karibu kabisa na ikweta, mwezi na sayari hupita juu ya vichwa vyetu au karibu yake. Zinapofika kileleni huwa digrii 60 au zaidi juu ya upeo. Utepe wa anga kati ya maghorofa mawili ndiyo njia yao. Lakini kutazama juu ya kichwa kunahitaji kile kipande cha kioo cha pembe, kwa hiyo mtu wa Umoja hawezi kabisa kukiacha ndani ya boksi. Pingamizi la joto lina uzito zaidi. Mabati na zege vilivyokunywa jua mchana kutwa hulitoa usiku, hewa juu yake hutetemeka, na sayari ndani ya lenzi huchemka kama uji. Anayeanza hudhani ni fokasi, akaendelea kuzungusha gurudumu usiku kucha. Wapimaji waliujua mtetemo huo tangu zamani; walikwepa mistari inayopita karibu na ardhi saa za jua kali. Dawa yake ni hiyo hiyo: lenga juu, mbali na paa, ngoja mpaka usiku uingie, na uache darubini nje ipoe kwanza. Mtetemo huja na kuondoka. Fokasi mbaya haiondoki. Kwa kipimo hicho utazitofautisha.

Upimaji wa ardhi umebadilika. Vyombo vya kielektroniki na setilaiti vimechukua nafasi ya theodolaiti ya kioo na shaba. Wakati huo huo, watu kama Susan Murabana na mradi wake wa Travelling Telescope wamewafikishia wanafunzi wengi wa Kenya anga, wakitumia hasa darubini kubwa ya vioo vya kuakisi, na kazi yao ni ya kupongezwa bila kusita. Lakini mitaa yote hii haiwezi kungoja darubini moja. Theodolaiti ya aina ya Wild T2, iliyotumika mno duniani kwa upimaji tangu miaka ya 1920, ina lenzi ya milimita 40 na hukuza mara 28. Darubini ambayo Galileo aliona nayo miezi ya Mshtarii mwezi wa Januari 1610 ilikuza kama mara 20. Kwa hiyo chombo kilichochora mipaka ya ploti kina uwezo wa kuyaona yale yaliyobadilisha elimu ya ulimwengu, na anayejua kukitumia anajua tayari kuweka fokasi kwa hatua mbili, jicho kwanza na umbali baadaye. Nawaomba wapimaji, vyuo vinavyofundisha kazi hiyo, na yeyote mwenye theodolaiti ya kale iliyobaki stoo: ileteni kwenye uwanja wa ukumbi wa Kaloleni jioni moja isiyo na mawingu. Mwacheni kila mtoto azungushe lenzi ya jicho mwenyewe mpaka nyuzi ziwe nyeusi, aone KICC limepinduka au limesimama, kisha mumgeuzie Mshtarii.